“Piloti bora iko tayari”: sentensi yenye inatupotezea TFC

Leo ninakosoa sentensi moja tu. Haitoki kwenye kitabu, inatoka kwenye Windows. Unaomba masini itafute piloti ya karte grafiki, inazunguka kidogo, kisha inakujibu kwamba piloti bora za kifaa chako ziko tayari. Unaangalia ekrani: herufi kubwa kama za tangazo la mazishi, picha zimevutwa, mwangaza hautaki kupungua. Bora kwa nani?

Kwa wenye hawajazoea neno: piloti ni programu yenye inafundisha Windows namna ya kuongea na kifaa fulani. Kama piloti ya karte grafiki inakosa, masini haizimiki. Windows inaweka piloti ya msingi ya Microsoft, ili usibaki gizani. Inaonyesha picha, basi, ni hapo inaishia. Kwetu Manguredjipa hilo si jambo la urembo. Sisi tunaishi kwa pano za jua na gurupu. Ekrani yenye haishushi mwangaza inakula batri, na jua likisha kuzama, kazi imeisha. Sisi wa agronomia tukifungua ramani kubwa katika QGIS, masini inaanza kutambaa.

Sasa, Windows haisemi uongo kabisa, na hapo ndipo ubaya uko. Ikitafuta piloti, inaangalia ghala yake ndani ya diski. Kama kuko intaneti, inaweza kuangalia pia kwa Microsoft. Bila koneksio inaangalia ghala tu, haioni ya kupita ile ya msingi, halafu inatangaza kwamba bora iko tayari. Sentensi ya haki ingekuwa: “Kule nilitafuta, sikuona ingine.” Hiyo ingekuonyesha kwamba ingine inaweza kuwa mahali pengine. Ile ya Windows inafunga mlango.

Na mlango ukifungwa, teknisie wetu anachukua nyundo. Anafikiri hivi: kama piloti ni bora na ekrani ni mbaya, basi Windows imeharibika, tuformate. Mwenzetu mmoja aliacha masini yake kwenye duka fulani, sitalitaja. Alirudishiwa Windows mpya na diski tupu. Data za TFC yake zilikuwa ndani, za mashamba ya kakao, miezi ya kutembea kwa miguu. Na ekrani? Herufi kubwa zilezile! Windows mpya nayo haikukuwa na ile piloti. Alipoteza kila kitu juu ya dawa yenye haikugusa ugonjwa. Katika Bapere hii, mahali watu wamekimbia mara nyingi na kuacha karatasi nyumbani, diski ya masini mara ingine ndiyo kabati pekee yenye inabaki.

Sisi wa kilimo tulishapita njia hii. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulipoingia Kivu, ushauri ulikuwa kung’oa kitalu kizima cha mgomba mgonjwa, pengine na shamba lote. Wakulima wengi walikataa, na walikuwa na sababu: watakula nini? Baadaye utafiti, hata ule wa hapa Kivu, ulionyesha kwamba kukata tu shina lenye dalili, chini kabisa, na kurudia mara kwa mara huku ukisafisha panga, kunashusha ugonjwa bila kumuachia mkulima shamba tupu. Kuformate juu ya piloti ni kung’oa shamba juu ya shina moja.

Shina lenyewe linatafutwa hivi. Kwanza kabisa nakili kazi zako kwenye flashi. Bonyeza alama ya Windows pamoja na X, fungua jestioneri ya vifaa, bonyeza mara mbili karte grafiki. Soma namba ya kosa. 28 maana yake piloti haijawekwa. 43 maana yake Windows imesimamisha kifaa juu kimetoa ripoti ya shida. Hapo inaweza kuwa piloti, inaweza kuwa kifaa chenyewe. Kisha ingia sehemu ya detali, utafute kitambulisho cha kifaa. Herufi zenye kufuata VEN zinasema nani alitengeneza: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Zenye kufuata DEV zinasema ni karte gani hasa. Piga picha, tuma kwa ndugu mwenye koneksio nzuri Butembo, pamoja na modeli ya masini na kama Windows yako ni ya biti 32 ao 64. Yeye apakue faili nzima, aanzie kwa kampuni yenye ilitengeneza laptop, na flashi ipande na mtu wa moto.

Kuko ushauri mwingine wenye ninaukosoa: “chukua piloti mpya kabisa.” Kwa masini zetu za okazio mara nyingi hiyo ni kupoteza mega bure. Faili mpya ya NVIDIA inapita mega 500, na tangu 2021 matoleo mapya yameacha karte za kizazi cha Kepler. Za kwao zinaishia kwenye mfululizo wa 470. Angalia GT 730: jina moja, lakini zingine ni Kepler, zingine ni Fermi, kizazi cha zamani zaidi, na kila kimoja kinaomba piloti yake. Ni kama mbegu ya mahindi sokoni: jina kwenye mfuko halikuhakikishii aina yenye iko ndani. Ndiyo maana ninasisitiza kitambulisho, si kibandiko.

Najua mafundi watasema: kuformate ni haraka, wateja ni wengi, na hakuna mwenye analipa saa ya kutafuta. Ni kweli, na kuko siku kuformate ni lazima, diski ikisha kunakiliwa. Lakini kazi yenye inaharibu kazi ya mteja si haraka.

Kwa hiyo, kabla ya kusema ndiyo, uliza mambo mawili: namba ya kosa ni ngapi, na kitambulisho cha karte ni kipi? Kama mtengenezaji hajui na hataki kuangalia, funga masini yako, uende nayo.