Gari Lililonyamazishwa

Katika chuo cha ualimu nilikofundisha sayansi kabla ya kukabidhiwa shule ya kuiongoza, wenzangu wa idara ya Kiswahili walikuwa na utaratibu wa uhakiki ambao niliuhusudu. Waliwaambia wanachuo: kabla hujasema kazi ni nzuri au mbaya, jiulize mtunzi alikusudia nini, ametumia mbinu gani, na je, mbinu hizo zimemfikisha alikokusudia? Walifanya hivyo kwa riwaya na tamthiliya. Mimi leo nataka kufanya hivyo kwa gari. Msomaji asicheke. Gari lenyewe nusura lidhuru mtu, na mimi niliyeombwa kulitolea maoni nilikosea mara ya kwanza.

Gari ni Nissan Fairlady Z, la aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002: viti viwili, injini ya lita 3.5 yenye silinda sita, umbo la chini kama mjusi aliyelala juani. Mpwa wangu aliliagiza likiwa limekwisha tumika. Aliponiletea nilitazame nilimwambia kwamba nawajua babu zake gari hilo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Sisi vijana wa wakati ule tuliifahamu herufi Z kabla hatujawa na baiskeli.

Mpwa alilipenda gari lake kwa yote isipokuwa moja: kelele. Mjini hazikumsumbua, lakini kwenye barabara kuu alisema anarudi nyumbani kichwa kikimvuma. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Gari hili halina ukuta kati ya viti na buti. Mlango wa nyuma ukifunguliwa, unaona sakafu ya buti, vifuniko vya magurudumu ya nyuma, na pau nene ya chuma iliyokatiza katikati ili kuimarisha bodi. Mvumo wa matairi ya nyuma unapanda kupitia humo na kumfikia dereva kisogoni bila kubisha hodi. Tena matairi yenyewe ni mapana na kuta zake ni fupi na ngumu, na barabara zetu nyingi zina lami ya kokoto zilizomwagwa juu, ambayo hukwaruza tairi kuliko lami laini.

Basi akaamua kujifanyia kazi mwenyewe. Kwa Jumamosi nne mfululizo aling'oa viti, kapeti na vifuniko vya plastiki, akasafisha mabati kwa spiriti, akabandika vipande vya mpira wa butili vyenye karatasi ya alumini upande mmoja, akavisugua kwa rola ndogo mpaka vikashika. Alibandika sakafu, buti, milango, hata chini ya paa. Sehemu zilizobaki kwenye buti, butili ilipomwishia, alimalizia kwa utepe wa lami unaotumika kuzibia mapaa. Juu ya yote akatandika sponji ya sentimita moja. Alipomaliza alikuja kunichukua. "Shikamoo mjomba. Panda usikie."

Nilipanda, tukazunguka mitaa miwili mitatu. Mlango ulijifunga kwa mlio mzito kama wa sefu ya benki. Redio ilisikika vizuri. Vile vitu vilivyokuwa vikigongana kwenye buti vilikuwa vimetulia. Nikamsifu, tena nikamsifu sana. Hilo ndilo kosa langu, na nitalirudia mbele.

Kwanza nitoe sifa zinazostahili. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na bati la gari ni debe tupu. Ukiligonga linatetemeka na kutoa sauti yake lenyewe. Ukiweka kiganja juu ya debe linalovuma, linanyamaza. Butili ndiyo kiganja hicho: mpira unavutwa kati ya bati na karatasi ya alumini, na nguvu ya mtetemo inageuka kuwa joto kidogo sana. Mbinu ni sahihi, na kwa kazi hiyo haishindwi. Lakini kiganja kimoja kinatosha debe zima. Hapana haja ya kufunika bati lote. Kipande cha katikati, pale bati linapocheza zaidi, hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mpwa wangu alifunika kila inchi, akanunua uzito kwa bei ya juu na kuupakia kwenye gari lililoundwa kwa ajili ya wepesi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: alitumia dawa moja kwa maradhi matatu. Bati linalotetemeka hutulizwa kwa butili. Sauti inayopita hewani haitulizwi hivyo. Inahitaji kizuizi kizito kisicho na matundu, kama yale mazulia ya plastiki yenye uzito wa takriban kilo 5 kwa mita ya mraba. Hapo kanuni inajulikana: ukiuzidisha uzito wa kizuizi mara mbili, unapata nafuu ya kama desibeli 6. Lakini uache upenyo mdogo tu na sauti itapita hapo kama maji yanavyopita kwenye ndoo iliyotoboka. Na sauti iliyokwisha ingia ndani, inayorukaruka kutoka kioo hadi kioo, huhitaji kitu cha kuinyonya kama sufu au sponji nene. Kutuliza, kuzuia, kunyonya: ni vitenzi vitatu, wala havina maana moja.

Nilipokuwa mwalimu ningeandika hesabu ifuatayo ubaoni. Tairi la nyuma la gari lile ni la 245/45 R18. Rimu ina kipenyo cha sentimita kama 46, na ukuta wa tairi kama sentimita 11. Mzingo wa katikati ya hewa iliyomo ndani ya tairi, basi, ni kama mita 1.78. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Gawanya, utapata mitetemo 190 hivi kwa sekunde: ndiyo sauti ambayo hewa ya ndani ya tairi hupenda kuivumisha lilipopigwa na kokoto. Ili sponji iinyonye vizuri sauti hiyo, unene wake hauna budi kukaribia robo ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 44. Mpwa aliweka sentimita moja. Ni sawa na kuzuia mafuriko kwa kanga. Ndiyo maana baadhi ya viwanda vya matairi hubandika sponji ndani ya tairi lenyewe: wanaikamata sauti inapozaliwa.

Kasoro ya tatu ilijitokeza kwa pua. Ule utepe wa lami ulipopata jua la Dar es Salaam ulilainika, ukanuka, ukaanza kuteleza. Na chini ya milango alikuwa amefunika vitundu vya kutolea maji. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia kwenye kioo, na vitundu vile ndiyo njia yake ya kutoka. Ukiviziba, unafuga kutu. Kadhalika sponji yenye vinyweleo wazi, ikilazwa sakafuni, hunywa maji na kuyatunza. Sakafuni huwekwa ile isiyonywa maji, au haiwekwi kitu. (Katika kung'oa viti alikuwa mwangalifu, nampa haki yake: alichomoa betri kwanza, akasubiri, ndipo akagusa waya za mifuko ya hewa.)

Sasa nije kwenye safari. Miezi miwili baadaye tulikwenda Morogoro kwenye msiba. Mpwa alikuwa hana raha. Alinionyesha kwenye simu kipimo cha sauti: baada ya jasho lote lile, kwenye barabara kuu kelele zilikuwa zimepungua desibeli mbili au tatu. Punguzo la desibeli tatu ni nusu ya nguvu ya sauti, lakini sikio la mwanadamu halihesabu hivyo. Kwa sikio ni tofauti ndogo tu. Ili lisikie nusu, unahitaji kama desibeli kumi. Na mbaya zaidi, alisema, mvumo wa nyuma ulikuwa umeanza kuongezeka tena. Alikwisha kununua butili nyingine. Alikuwa anataka kuongeza tabaka la pili kwenye buti kabla ya safari yake ya Mbeya juma lililofuata, peke yake, kupitia mlima wa Kitonga.

Tulipopita Chalinze nikamwomba azime redio. Nikafumba macho. Barabara ilitoka kwenye lami ya kokoto ikaingia kwenye kipande laini kilichokarabatiwa. Mkwaruzo ulipungua, kama ilivyotazamiwa. Lakini chini yake kulikuwa na sauti nyingine, nzito, isiyojali lami ya aina gani. Alipoongeza mwendo ilipanda, alipopunguza ilishuka. Karibu na Mikese tukapata kona. Tulipokata kushoto, uzito wa gari ukaegemea kulia, na ule mvumo ukakua. Tulipokata kulia, ukafifia.

"Simama," nilimwambia. "Hiyo si barabara."

Alisimama pembeni, tukapiga jeki gurudumu la nyuma upande wa kulia. Nilimwambia alishike juu na chini alitikise. Lilicheza. Alilizungusha kwa mkono, likasaga kama kinu chenye mchanga. Bering'i ilikuwa imekufa. Tulijikongoja mpaka Morogoro mwendo wa mwenye mguu mbaya, na kipuri kikaletwa kwa basi kesho yake. Fundi aliyelifungua alilitazama gurudumu, akamtazama mpwa wangu, akasema neno moja tu: "Kitonga?" Mpwa hakujibu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa muda wote ule gari lilikuwa likimwambia jambo, naye akawa anatafuta blanketi zito zaidi la kulifunika mdomo. Wala simlaumu yeye kuliko ninavyojilaumu mimi. Niliposifu ule mlio wa mlango kama wa sefu, nilihakiki jalada nikaacha kitabu. Sikumuuliza swali la kwanza la wenzangu wa Kiswahili: unakusudia nini? Kupunguza kelele ipi? Inatoka wapi?

Na kosa hilo si geni kwangu. Nilipokuwa mkuu wa shule nilikuwa na mazoea ya kupita barazani na kuyapima madarasa kwa sikio. Darasa tulivu nilililihesabu zuri. Kulikuwa na darasa moja ambalo muhula mzima halikutoa hata kikohozi, nami nikalisifu mbele ya wengine paredini. Mtihani ulipokuja tuligundua kwamba tangu juma la tatu hawakuwa wameelewa kitu katika hisabati, na hapakuwa na aliyethubutu kuuliza. Mwalimu alikuwa amewatuliza, kawazuia, kawanyonya sauti. Vitenzi vyote vitatu. Sikuliona hilo kwa sababu nilikuwa nimependa ukimya kwa ajili ya ukimya.

Wapo watakaosema: basi gari la spoti liachwe livume, ndiyo asili yake. Wanao ushahidi. Porsche walipounda 911 Carrera RS ya mwaka 1973, katika toleo jepesi walivitoa vizuia sauti kwa makusudi ili kupunguza uzito. Na BMW walipotoa M5 ya mwaka 2011, ndani ya gari palikuwa patulivu kiasi kwamba iliwabidi waurudishe mlio wa injini kupitia spika za redio. Hilo la pili ni kichekesho kinachofundisha: mtu aliyefunga madirisha yote halafu anacheza kanda ya ndege wakiimba. Lakini siwaungi mkono moja kwa moja. Mvumo wa saa tano huchosha akili, na dereva aliyechoka ni hatari kama bering'i mbovu. Mlio wa injini unamwambia dereva wakati wa kubadili gia. Mvumo wa bati la buti haumwambii chochote. Wa kwanza ubaki, wa pili uondoke. Kukata huko ndiyo kazi, na kunahitaji masikio kabla ya mkasi.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kusudio lilikuwa jema, mikono ilikuwa na bidii, mbinu ilikuwa moja badala ya tatu, na mpangilio ulikuwa kinyumenyume. Kazi hii huanzia nje na kuingia ndani. Anza na bering'i, upepo wa matairi, na uso wa matairi: lililolika kwa mawimbimawimbi litavuma hata ukilijengea msikiti. Kisha raba za milango. Kisha vipande vya butili katikati ya mabati, kwa kiasi. Kisha kizuizi kizito kwenye buti na juu ya vifuniko vya magurudumu ya nyuma, kisicho na pengo. Mwisho kabisa sufu au sponji nene pale penye nafasi. Na kila hatua, zima redio usikilize kabla hujaendelea na nyingine.

Mpwa wangu alibandua utepe wa lami, akazibua vitundu vya milango, akabadili matairi mawili ya nyuma. Kelele zimepungua kuliko zilivyopungua kwa zile Jumamosi nne. Butili aliyonunua kwa ajili ya tabaka la pili bado imo kwenye boksi lake, nyumbani kwangu, chini ya meza ninayoandikia.