Mkono wa Kijuma

Mabroka wa almasi hapa Maganzo, mkoani Shinyanga, hawalisifii jiwe kwa kulitupia jicho. Hulipindua, hulipeleka kwenye mwanga, huliweka chini ya kioo cha kukuzia, na bei huja baadaye. Miswada ya zamani ya Kiswahili nayo yataka jicho la namna hiyo, na siku hizi huhitaji kupanda meli kwenda kuitazama: chuo cha SOAS cha London kimeweka picha za miswada yake kwenye intaneti. Kwenye simu unaukuza ukurasa mpaka unaona kalamu ilipoishiwa wino na ilipochovywa tena.

Mkono ninaourudia mara kwa mara ni wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana. Alikuwa mshairi, mpiga ala, mchonga milango na mnakili wa tenzi. Nashuku kwamba uchongaji ndio uliomfunza kuandika. Patasi ikiteleza kwenye mlango hakuna kufuta, kwa hiyo fundi hupima nafasi yote kabla hajagusa ubao.

Upimaji huo ndio uhai wa ukurasa wa utenzi. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba bahari, yaani kina kinachofunga beti zote toka mwanzo hadi mwisho. Miswada hii iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo husomwa kutoka kulia. Mnakili akiutosheleza ubeti katika mstari mmoja na kutenga vipande kwa alama ndogo, bahari huangukia ukingo wa kushoto, mstari baada ya mstari, kama nguzo. Msomaji ateremshe jicho tu: mahali nguzo ilipovunjika, pana neno lililoponyoka. Ili hayo yawezekane, vipande virefu hubanwa na vifupi hunyooshwa, na mwandiko usionekane umebanwa wala kunyooshwa. Jaribu kwa beti kumi tu kwenye daftari la shule utamheshimu mzee huyu.

Kisha kuna herufi zenyewe. Kiarabu hakina p, ch wala v, irabu e na i hushirikiana alama moja, o na u vilevile, na katika miswada mingi sauti ya m au n inayotangulia konsonanti haiandikwi kabisa, hata "simba" akabaki "siba". Wasomaji wa zamani hawakusumbuka, maana utenzi walikwisha kuusikia ukiimbwa. Karatasi iliwakumbusha tu. Wanakili waliotaka kueleweka zaidi waliongeza nukta na alama.

Kijuma alikuwa na sababu ya kutaka kueleweka. Wateja wake wengi walikuwa wageni, watu kama William Hichens na Ernst Dammann, ambao hawakulelewa na tenzi hizo. Mwaka 1913 aliandika Utendi wa Fumo Liyongo, hadithi ambayo kila mtoto wa pwani ile aliijua. Lakini anayeisoma London hakuijua. Kwa mteja wa namna hiyo mwandiko wa haraka haufai. Wapo wanaoona kazi ya kuagizwa imepungukiwa roho. Mimi naona kinyume: agizo ndilo lililomlazimisha kuandika kwa uwazi ambao leo unamfaa hata mtu wa Maganzo.

Kwa mapambo, majirani zake wa Siyu, kisiwani Pate, walimzidi. Misahafu yao ya rangi nyekundu, nyeusi na manjano ni fahari ya macho.

Kazi za Kijuma sasa zimegawanyika kati ya London, Hamburg na Berlin. Kwa anayetaka kushika karatasi yenyewe, njia fupi kutoka Shinyanga ni basi la Dar es Salaam. Maktaba ya Chuo Kikuu ina hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa na J. W. T. Allen miaka ya 1960, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Anza na orodha hiyo, chagua utenzi unaoujua kwa moyo, halafu omba uletewe mswada wake.