Mnazi wa Ndugu Wawili

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitiwa gerezani mwaka 1969, umri wake miaka 22, kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Humo kifungoni alitunga mashairi, akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973.

Baadhi ya mashairi hayo ni kilio cha mtu mmoja. Na kilio, hata kiwe cha haki, huchosha sikio. “Mnazi” sivyo ulivyo. Ndugu wawili wanagombea mnazi mmoja, nao wanajibizana kwa zamu. Tazama, msomaji: mtu aliyefungwa kwa kusema, mwenye karatasi haba, aliigawa karatasi hiyo ili mpinzani naye ajitetee! Waliomfunga hawakuwa karimu hivyo. Kimvita chake huwatatiza wanafunzi wa bara. Wangu huwaamuru wasome kwa sauti, wawili wawili, na ugumu hupungua.

Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi.