Kasoro na Alama Yake: Mwongozo wa Kupima na Kuboresha Muziki wa Dijitali katika Stirio ya Zamani

Stirio za nyumbani zilizotengenezwa katika miaka ya 1970 na 1980, kama vile amplifaya za Marantz, Pioneer, Sansui na Kenwood, zilibuniwa kwa ajili ya santuri, kanda na redio, kabla muziki haujahamia kwenye simu na kompyuta. Nyingi kati yake bado zina nguvu ya kutosha na sauti nzuri, lakini zinapounganishwa na vyanzo vya kisasa mara nyingi hutoa sauti kali, nyembamba au yenye mngurumo, na mwenye nazo huhitimisha ama kwamba mashine imechoka ama kwamba muziki wa dijitali hauna uhai. Hitimisho la namna hiyo hutolewa mapema mno, kwa sababu kila kasoro ya sauti ina alama yake, na alama hiyo huonyesha kasoro imezaliwa katika hatua ipi ya safari ya sauti. Mjuzi wa sauti ni yule anayeisikia alama hiyo, akaitambua na kuifuata hadi asili yake kabla hajanunua chochote. Mwongozo huu unaifuata safari hiyo kuanzia kwenye rekodi hadi sebuleni, kwa kuwa kasoro iliyoingia mwanzoni haiwezi kuondolewa na kifaa kilichowekwa mwishoni.

Rekodi na nakala yake

Ukomo wa ubora huwekwa siku ya kurekodi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliporekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya HMV, santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilikuwa na uwezo wa kubeba masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde inayopimwa kwa hezi, ya elfu chache tu, ilhali sikio la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000. Nakala ya santuri hizo inayotangazwa kuwa ya ubora wa juu kupindukia haiwezi kurudisha kile ambacho hakikunaswa, na kinachoongezeka ni mkwaruzo wa santuri yenyewe uliohifadhiwa kwa uaminifu zaidi. Rekodi za muziki wa dansi zilizofanywa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa utepe wa sumaku katika miaka ya 1970 zina sauti pana zaidi, lakini nyimbo nyingi za zama hizo husambaa leo kupitia nakala zilizotolewa kwenye kaseti, na hapo ndipo tofauti kubwa kabisa ya ubora inapopatikana.

Nakala iliyotokana na kaseti iliyochakaa hujulikana kwa alama tatu: noti ndefu ya saksafoni huyumba kwa sababu utepe haukuwa ukienda kwa mwendo mmoja; matoazi hufifia hadi kukosa mng'ao; na sauti huegemea upande mmoja kisha hurejea. Alama ya nne ni ya nakala zilizosafishwa upya tangu miaka ya 1990, ambazo baadhi yake zimekandamizwa ili zisikike kubwa muda wote, hata ngoma inapopigwa haiinuki juu ya wimbo, na msikilizaji huchoka baada ya nyimbo chache bila kujua sababu. Anayepata nakala mbili za wimbo mmoja na kuchagua iliyo salama zaidi hupata faida ambayo hakuna kifaa kinachoweza kuizidi, na faida hiyo mara nyingi haina gharama.

Faili na njia ya kulifikisha

Diski ya CD, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982 baada ya Sony na Philips kukubaliana juu ya kanuni zake, hulipima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo, kiitwacho sampuli, huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja. Idadi ya sampuli huamua ukomo wa masafa ya juu, ambao ni karibu nusu ya idadi hiyo, na kwa hiyo CD hubeba masafa yote ambayo sikio linaweza kuyapokea. Idadi ya biti nayo huamua umbali kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa, ambao kwa biti 16 hukaribia desibeli 96, umbali usioweza kufikiwa na santuri wala kaseti. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society matokeo ya majaribio ambamo rekodi za kiwango cha juu zaidi zilipitishwa katika kiwango cha CD, na wasikilizaji, wasiojua wanasikiliza ipi, hawakuweza kuzitofautisha, isipokuwa pale sauti ilipokuzwa kupita kiasi hadi kelele ya chini ikasikika. Kwa stirio ya zamani, basi, kiwango cha CD kinatosha, na fedha inayotafuta kukizidi ingefaa zaidi mahali pengine.

Kinachosikika wazi ni mkandamizo wenye upotevu, yaani ule unaopunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya sauti. MP3, iliyoendelezwa kwa sehemu kubwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, hutegemea ukweli kwamba sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, hivyo programu huitupa ile inayodhaniwa haitasikika. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde dhana hiyo hushindwa mara kwa mara, na mtihani mzuri wa kuithibitisha ni taarabu, kwa sababu uzi wa kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, unapodonolewa huanza ghafla, na katika faili lililokandamizwa mno mwanzo huo hutanguliwa na ukungu mwembamba wa kelele unaoifanya ncha ya noti ipoteze ukali. Makofi ya ngoma ya dumbaki hulainika vivyo hivyo, na matoazi hugeuka mchirizo unaopanda na kushuka. Kwa kilobiti 320 alama hizo huwa adimu hata kwa sikio lililozoezwa, na kwa FLAC, muundo uliotolewa mwaka 2001 ambao hupunguza faili bila kutupa chochote, hazipo kabisa. Kulibadilisha faili la MP3 kuwa FLAC, hata hivyo, hakurudishi kilichokwisha kutupwa.

Njia ya kulifikisha faili kwenye amplifaya nayo huhesabiwa. Bluetooth katika muundo wake wa msingi, uitwao SBC, huukandamiza muziki upya hadi takriban kilobiti 328 kwa sekunde au chini ya hapo, kwa hiyo faili ambalo tayari ni la MP3 hupata hasara mara mbili. Waya bado ni njia bora.

Kigeuzi

Kigeuzi ni kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa mkondo wa umeme ambao amplifaya inauelewa. Mashine za kwanza za CD za Philips zilitumia kigeuzi cha biti 14 na zilisifiwa kwa sauti yake, ilhali leo hata kigeuzi cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa uangalifu huwa na kelele ndogo kuliko ya amplifaya nyingi za miaka ya 1970. Kwa sababu hiyo mnunuzi hana haja ya kukimbilia kigeuzi cha bei kubwa. Anachopaswa kuchunguza ni kelele inayosafiri kutoka kwenye kompyuta kupitia waya wa USB, ambayo alama yake ni mlio mwembamba unaobadilika kila kipanya kinaposogezwa au diski inaposomwa. Kigeuzi chenye mlango wa nuru huumaliza mlio huo, kwa kuwa waya wa nuru hupitisha tarakimu bila kuunganisha umeme wa vifaa viwili.

Mlango na kiwango cha umeme

Hapa ndipo stirio nyingi za zamani huharibiwa sauti bila kosa lake. Mlango ulioandikwa PHONO ni wa sindano ya santuri, ambayo hutoa sehemu chache tu za elfu za volti, na ndani yake kuna saketi inayofuata mkunjo wa RIAA wa mwaka 1954, yaani kanuni ya kuinua besi na kushusha sauti za juu ili kufidia namna santuri ilivyochongwa. Chanzo cha dijitali kikiingizwa humo, sauti hupasuka na besi hufura kupita kiasi. Milango inayofaa ni AUX, TUNER au TAPE, na katika mashine nyingi za Ulaya huwa na soketi ya mviringo ya DIN yenye pini tano, ambayo huhitaji waya wa kubadilisha.

Hata mlango sahihi una tatizo lake. Amplifaya za zamani zilibuniwa kufikia nguvu yake kamili kwa volti 0.15 hadi 0.2 hivi, ilhali mashine za CD na vigeuzi vya mezani hutoa volti 2, yaani takriban mara kumi. Matokeo yake ni kwamba sauti huwa kubwa kitufe cha sauti kikiwa kimefunguliwa kidogo tu, na sehemu hiyo ya mwanzo ndiyo ambamo pande mbili za resista ya kuzunguka iliyo nyuma ya kitufe hicho hazilingani. Alama yake haikosekani: mwimbaji husogea upande mmoja sauti ikiwa ndogo, kisha hurudi katikati inapoongezwa. Kitufe cha LOUDNESS nacho hudanganyika, kwa kuwa kazi yake ni kuongeza besi pale sauti inapokuwa ndogo, kufuatana na ugunduzi uliochapishwa na Fletcher na Munson mwaka 1933 kwamba sikio hupungukiwa na uwezo wa kusikia besi katika sauti ya chini. Kwa kuwa hupima ukubwa wa sauti kwa kufuata mahali kitufe cha sauti kilipo, chanzo chenye volti nyingi hukifanya kiongeze besi isiyohitajika. Dawa ni kipunguzi cha resista cha desibeli 12, ambacho hushusha volti 2 kuwa 0.5 na kukirudisha kitufe cha sauti katika eneo lake la kazi. Kigeuzi cha biti 24 kinaweza kupunguziwa kiasi hicho ndani ya programu bila hasara ya kusikika, kwa sababu kila biti hubeba desibeli 6 na hivyo biti mbili tu ndizo hutumika. Kwa simu hali ni kinyume: hutoa volti chache, na inafaa sauti yake ifunguliwe karibu na mwisho ili kelele isikuzwe pamoja na muziki.

Mashine na spika

Kabla ya yote, mashine iliyotoka Japani hutarajia volti 100 na ya Marekani volti 120, ilhali umeme wa Afrika Mashariki ni kati ya volti 230 na 240, kwa hiyo swichi ya volti iliyo nyuma ya mashine sharti iangaliwe, na isipokuwepo itumike transfoma ya kushushia. Mngurumo usiobadilika hata kitufe cha sauti kikiwa sifuri kwa kawaida hutokana na kapasita za ugavi wa umeme zilizokauka. Mngurumo unaotoweka waya wa chanzo unapochomolewa hutokana na vifaa viwili vyenye njia mbili za kwenda ardhini, na kamwe usitibiwe kwa kukata waya wa ardhi, kwani waya huo hulinda uhai. Upande mmoja unaopotea kisha kurudi sauti inapoongezwa huashiria kutu katika rilei ya spika, na mkwaruzo kitufe kinapozungushwa huashiria vumbi linaloondolewa kwa dawa ya kusafishia viungo. Fundi redio mzuri hujulikana kwa kuuliza dalili hizi kabla ya kufungua kifuniko.

Katika spika, ukingo wa sponji unaoishikilia koni huoza kwa miaka, na joto na unyevu wa pwani huharakisha kuoza huko. Besi ikikoroma, ukingo huo ndio wa kwanza kukaguliwa, na unaweza kubadilishwa bila kutupa spika. Nyaya za spika moja zikigeuzwa, koni moja husukuma nje wakati nyingine inavuta ndani, na alama yake ni besi inayotoweka pamoja na mwimbaji asiye na mahali. Spika na msikilizaji wapange pembetatu yenye pande sawa, na spika zisogezwe mbali na kona, kwa maana kona huongeza besi isiyo na umbo. Sebule ya vigae, kuta za saruji na madirisha mapana hurudisha sauti kali. Zulia, pazia nzito na kabati la vitabu huipunguza kwa kiasi ambacho hakuna kigeuzi kinachokikaribia.

Namna ya kulinganisha

Sikio huipenda sauti iliyo kubwa zaidi na kuiita bora, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi cha kutotambulika kuwa ni ya ukubwa. Kwa hiyo vifaa viwili havilinganishwi kabla volti kwenye vituo vya spika haijapimwa kwa mita huku ukipigwa mlio mmoja usiobadilika, hadi tofauti iwe chini ya asilimia 2, yaani takriban desibeli 0.2. Mtu mwingine ndiye abadilishe vifaa, na msikilizaji asijue kipi kinapiga. Kipande cha kusikilizia kichaguliwe kwa kazi yake: katika chemko, sehemu ya kasi ya wimbo wa dansi, msikilizaji ajaribu kulifuata gitaa la ridhimu peke yake huku solo na besi zikiendelea, na katika taarabu aifuate kanuni nyuma ya fidla. Mabadiliko yanayorahisisha ufuatiliaji huo ni ya kweli, na yale yanayoacha sifa za jumla tu, kama vile utamu au joto la sauti, yanastahili kujaribiwa tena kabla hayajalipiwa.

Kutokana na hayo, mpangilio wa matumizi unajieleza: nakala nzuri kwanza, kisha mlango na kiwango sahihi cha volti, matengenezo ya mashine na spika, mpangilio wa sebule, na kigeuzi kipya mwisho. Mwenye stirio ya zamani anayeufuata mpangilio huo atagundua kwamba sehemu kubwa ya ubora aliokuwa akiutafuta dukani ilikuwa tayari imo ndani ya mashine yake, ikizuiwa na kasoro chache zenye majina na tiba.