Thamani ya Shilingi na Jasho la Mkulima wa Pamba

Mara kwa mara hutolewa hoja kwamba shilingi ikishuka thamani, mkulima wa zao la kuuza nje hufaidika. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na yafaa ikosolewe kwa kuipima pale inapodaiwa kuleta neema. Tuipime kwa pamba ya Migato, kata ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, ambayo hadi 2012 ilikuwa katika Wilaya ya Bariadi.

Kwanza, tukubali lililo kweli. Pamba iliyochambuliwa huuzwa nje kwa dola, na mkulima hulipwa kwa shilingi. Shilingi yetu ilipoanza 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7.14. Baadaye zikaja shida: mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na nchi ikaingia vitani dhidi ya Idi Amin 1978–79. Bei za ndani zilipanda kwa kasi kuliko kiwango rasmi kilivyorekebishwa. Dola ya mkulima ikahesabiwa kwa shilingi chache, huku sabuni na khanga akivinunua kwa bei ya magendo. Aliyenufaika ni yule aliyepata kibali cha kununua fedha za kigeni kwa kiwango rasmi. Basi shilingi ngumu ya kwenye makaratasi haikuwa ngao ya mnyonge. Ilikuwa kodi isiyotangazwa, na mlipaji wake alikuwa mkulima.

Pili, tuitazame nusu inayofichwa. Juni 1984 dola ilifikishwa shilingi 17. Katikati ya 1986, wakati wa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilifika shilingi 40. Je, nyongeza yote hiyo ingeweza kufika Migato? Haikuwezekana. Kati ya mzani wa kijijini na meli bandarini wamo mwenye kinu, mwenye lori na benki, na kila mmoja hukata chake. Lori hutembea kwa mafuta na vipuri vya kutoka nje. Dawa ya wadudu na bomba la kuinyunyizia navyo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, gharama hizo hupanda pamba ikiwa bado shambani. Bei nzuri, kama itakuja, huja baada ya mavuno. Mkulima hutangulia kulipa, kisha hungoja.

Tena, bei ya dunia haipangwi na sisi. Marekani huwapa ruzuku wakulima wake wa pamba, na Brazil iliishtaki kwa hilo mbele ya Shirika la Biashara Duniani 2002 na ikashinda. Bei hiyo ikianguka, kushusha thamani ya shilingi hakumpi mkulima chochote zaidi ya kumfichia hasara.

Kosa la pande zote mbili ni moja. Wanaoitetea shilingi ngumu na wanaoitetea shilingi laini hukitazama kiwango cha ubadilishaji kama mwanzo wa uchumi, hali chenyewe ni kipimo tu. Kipimo cha uongo huumiza, lakini kipimo cha kweli peke yake hakizai kitu. Taifa linalouza pamba ghafi na kununua nguo litaumia dola ikipanda, na litaumia ikishuka. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam 1968, shabaha ilikuwa kukata mnyororo huo. Shabaha hiyo haijafikiwa: sehemu kubwa ya pamba yetu bado hutoka nchini ikiwa ghafi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kiwango kisimdanganye mkulima. Chama cha msingi cha ushirika kimwonyeshe kwenye mzani hesabu nzima: bei ya dunia, kiwango cha siku, na kila senti iliyokatwa. Na pamba isokotwe na kufumwa hapa hapa nchini. Bila hayo, mabishano juu ya thamani ya shilingi ni mabishano ya wanaogawana jasho la mkulima, na yeye mwenyewe hayumo kikaoni.