Ukakasi wa Insongo

Mvinyo mwekundu wenye nguvu huheshimiwa kwa sababu una ukoo. Mnywaji huuliza umetoka kwa zabibu gani, na zabibu hiyo imekulia wapi. Hata Dodoma, ambako wamisionari walipanda mizabibu Bihawana mwaka 1957, zabibu nyekundu ya Makutupora inatajwa kwa jina lake. Vilima vya Gashoho, huko Muyinga nchini Burundi, havisifiki kwa mizabibu, lakini vina kinywaji kinachostahili maswali yaleyale: insongo, maji ya ndizi yaliyochachushwa bila kuzimuliwa, ndugu mkali wa urwarwa, pombe ya ndizi ya kawaida. Siku hizi kinaulizwa bei tu.

Ubora wake huanzia shambani. Ndizi za pombe za asili ya nyanda za juu, kama Igitsiri, hazipendwi jikoni, kwani nyama yake ni chungu na ina ukakasi unaokaza ulimi. Mpishi huuona ukakasi huo kuwa kasoro, mkamuaji huutafuta. Ni wa jamii moja na ule ambao ganda la zabibu nyeusi huupa mvinyo: hukipa kinywaji uzito na kuuzuia utamu usikinaishe. Pisang Awak, ndizi ya asili ya Asia ambayo Waganda huiita Kayinja, ina sukari tele na huvumilia udongo uliochoka, ndiyo maana imeenea. Maji yake ni matamu, basi. Anayevumbika ndizi za kila aina katika shimo moja atapata pombe, lakini haitakuwa na sura ya kutambulika.

Baada ya shamba ni mkono. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini ingali mibichi, ikavumbikwa siku kadhaa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa joto la moto. Ndizi ikitolewa mapema haina maji ya kutosha. Ikichelewa hugeuka uji usiokamulika. Zikishamenywa, hukandwa pamoja na nyasi ndani ya umuvure, gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi. Mwanzoni ni tope zito linalonata vidoleni. Mkamuaji anakanda, anageuza, anazikunja nyasi na kuzikandamiza tena, hadi povu linapoanza kutokea na makapi yanajitenga na maji. Hapo ndipo penye jaribu, kwa sababu kikombe cha maji ya kisima kingeweza kuifupisha kazi yote. Fundi wa insongo hakimimini. Huchuja, hutia unga wa mtama uliokaangwa, ambao huleta chachu na kukoza rangi, kisha hufunika kwa majani na kungoja.

Wapo wanaosema kuwa chupa ya kiwandani ni safi zaidi. Usafi ni hoja ya haki, ila dawa yake ni kuosha mikono na vyombo, na hakuna haja ya kuutupa ufundi. Wengine wanalaumu ulevi unaobomoa nyumba. Lawama hiyo ina ukweli, lakini insongo halisi hula mikungu mingi na siku nyingi. Mwenye haja ya kulewesha watu kwa bei ndogo ndiye anayekimbilia sukari ya dukani. Asiyekunywa pombe naye ana sehemu yake katika kazi hii, kwa kuwa umutobe, maji yanayotoka kwenye nyasi kabla ya chachu, hunywewa hata na watoto.

Hoja nzito zaidi ni ya maradhi. Mnyauko wa bakteria, uliothibitishwa katika migomba ya Uganda mwaka 2001, ulifika Burundi mwaka 2010, nao haubagui aina. Je, si afadhali kupanda chochote kinachokua haraka? Hesabu hiyo inajipinga. Pisang Awak ndiyo huambukizwa kwa wepesi na wadudu wanaotua kwenye ua dume, tena mnyauko wa Panama huiua huku migomba ya asili ya nyanda za juu ikiustahimili. Na kinga inayosifiwa na watafiti, kulivunja ua hilo kwa mti wenye panda mara chana la mwisho linapotokeza, inadai jicho lilelile la subira ambalo uvivu umelifumba.

IRAZ, taasisi ya utafiti iliyoko Gitega, imekusanya aina za migomba ya ukanda huu, na ni jambo la kushukuru. Lakini mgomba uliosalia kwenye bustani ya watafiti bila mkamuaji umebaki jina. Bia ya kiwandani siyo inayoiua insongo. Inayoiua ni haya yetu, tunaopanga makreti mbele ya wageni wa harusi na kuuficha mtungi nyuma ya nyumba kwa ajili ya wazee. Fundi asiyeulizwa ametumia ndizi gani hana sababu ya kuzichagua. Na kijana anayeona sukari na maji vikilipwa sawa na jasho la mama yake kwenye umuvure amekwisha fundishwa, nasi ndio walimu wake.