Ustadi wa Kusoma Joto la Mota

Asiyeijua Kagera atadhani mota ya droni hupata moto Dodoma na Tabora tu. Bukoba ni mji wa mvua, na upepo wa Ziwa Viktoria ukianza kuvuma watu husahau jua. Mota haisahau. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Muleba kwenda Kamachumu unazidi kupanda. Mchana wa nyuzi 28, hewa ya ufukweni Bukoba ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ile ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Panga linalokosa hewa nzito ya kusukuma lazima lizunguke kwa kasi zaidi. Umeme unaongezeka, nyaya za shaba zinapata moto, na shaba ikishapata moto inazidi kuuzuia umeme. Joto linazaa joto. Sumaku nazo, zile za kawaida, zikipita nyuzi 80 huanza kupoteza nguvu, na mota ikipoa nguvu hiyo huenda isirudi.

Ndiyo maana namheshimu sana rubani anayeanza kupima vibanja saa moja asubuhi, anayepandisha droni taratibu, asiyeiacha ielee mahali pamoja bila sababu. Mwaka 2018 droni ya kampuni ya Wingcopter ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi: ilipaa wima, kisha ikabebwa na mabawa, mota zikapata nafuu. Droni zetu za mapanga manne hazina mabawa. Nafuu yake ni busara ya anayezirusha.

Mtazame akishatua. Anasubiri mapanga yasimame kabisa, kisha anagusa kila mota kwa mgongo wa kidole. Tatu ni vuguvugu, ya nne inaunguza. Analizungusha panga lake polepole, sikio karibu, anasikia mkwaruzo: vumbi jekundu limeingia kwenye beringi. Hapo harushi tena, hata kama yuko harusini na mama wa bwana harusi anamhimiza. "Samahani mama, hii mpaka niisafishe."

Kwa hiyo wewe uliyemkodi kwa sherehe yako, akikuomba dakika kumi za kupoza mota, mpe, wala usimkate malipo kwa dakika hizo. Nazo ni kazi.